Hakuna Timu Mbovu Kuliko Kambale

Leo mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, na vijana wa timu yangu wamerudi uwanjani wameloa chapachapa. Nasema timu yangu kwa sababu jezi nimenunua mimi, mpira nimenunua mimi, na wakienda kucheza mbali hupanda lori langu. Wameuacha mpira jikoni kando ya moto, na juu ya moto huo mke wangu anakausha kambale, huku kila mara akichungulia barabara. Nilipoingia kutafuta chai nikagota mlangoni. Ngozi iliyoloa, moshi wa kuni, mafuta ya samaki yanayodondokea makaa: harufu hizo tatu zikikutana, mimi si tena huyu mnayemjua Ifakara, mwenye mashine za kukoboa mpunga na nyumba ya bati jipya. Nakuwa mtoto wa miaka minane, nimesimama uani kwetu Michenga, nawasikiliza watu wazima wakibishana ni timu gani mbovu kuliko zote zilizowahi kugusa mpira.

Nitawasimulia. Msitafute Kiswahili cha vitabuni hapa. Shule na mimi tuliagana darasa la pili, na hakuna aliyemlilia mwenzake. Nilianza na baiskeli moja ya kubebea gunia la mchele, leo nina malori, na walimu walionichapa kwa kutojua hesabu watoto wao wananiomba kazi. Jina langu ni Majalala. Ndiyo, kama mnavyolisikia, mahali pa kutupia taka. Leo limeandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa magari na hakuna anayecheka, lakini enzi zile za mkoloni, miaka ya hamsini, jina hilo lilikuwa mwiba ninaokanyaga kila ninapoitwa. Nilidhani wazazi wangu waliniangalia nilipozaliwa wakaona sifai. Basi nikajipa kazi ya kumpenda baba yangu kwa nguvu, ili siku moja abadili mawazo.

Baba alikuwa mvuvi, na alikuwa golikipa wa timu ya kijiji iliyoitwa Kambale. Mpira ulikuwa wake. Aliupata sijui wapi, mpira wa ngozi wa kufunga kwa kamba, mzito kama boga ukilowa. Timu nyingine zilipaka mipira yao mafuta ya ng'ombe ili ngozi isikakamae. Sisi ng'ombe tungempata wapi? Baba aliupaka mafuta ya kambale. Kwa hiyo kila Kambale walipocheza, mbwa wa kijiji kizima walikuja uwanjani, na hao ndio waliokuwa mashabiki wetu waaminifu kuliko wote. Mpira ukitoka nje, ilibidi kuuwahi kabla ya mbwa.

Sitawadanganya kwamba timu ilikuwa nzuri. Lakini mimi nilikuwa na kitu changu nilichokiweka moyoni. Kiangazi kilichotangulia, Kambale walicheza na Idete, na Idete wakapata penalti. Aliyeipiga alikuwa Ligombi, kapteni wao, jitu refu lenye pengo na miguu kama mipini ya jembe. Alirudi nyuma mpaka watu wakauliza anakwenda wapi. Alipopiga nilifumba macho, kisha nikafumbua, na baba alikuwa angani. Wallahi alikuwa angani, amelala ubavu kama mtu aliyelala kitandani, na mpira uko katika mikono yake miwili. Alianguka kwenye visiki vya mpunga uliovunwa, kiwiko kikachanika, lakini mpira hakuuachia. Tulifungwa mechi ile hata hivyo. Mimi niliondoka pale nikitembea kama mwana wa chifu. Usiku, kabla ya kulala, niliirudia penalti ile gizani, mara baba anarukia kulia, mara kushoto, na kila mara anaidaka.

Sasa njooni kwenye Pasaka iliyofuata.

Jumamosi Kuu, Kambale walivuka mto kwenda ng'ambo, upande wa Ulanga, walikoalikwa kucheza Jumatatu ya Pasaka. Masika yalikuwa yamechachamaa. Maji yalikuwa yameingia mashambani, na pantoni ilikuwa imesimamishwa kwa sababu mto ulijaa mno. Wakachukua mtumbwi mmoja mkubwa wa kijiji, na baba akawa ndiye mshika kafi wa nyuma, anayeuelekeza. Mpira aliufunga kwenye kitambaa akaubana miguuni. Wangerudi Jumanne kabla ya jua la utosi.

Jumanne asubuhi, mama mmoja jirani aliyekwenda kuteka maji alirudi bila maji. Alikuwa ameshika kafi. Alikuwa amelikuta limenasa kwenye matete, yeye akiwa na maji hadi kiunoni. Alimkabidhi bibi yangu, mama yake baba, akashika ndoo yake akaondoka haraka kama mtu aliyeiba. Mimi nililitambua kafi lile kabla halijafika mikononi mwa bibi. Kwenye mpini lilikuwa na alama ya kuunguzwa kwa chuma, mistari mitatu kama unyayo wa kuku. Alama hiyo aliichoma baba mwenyewe nikiwa nimeshika taa.

Bibi alilitazama. Akalilaza chini, kando ya ukuta, akatandika mkeka juu yake, akakaa juu ya mkeka. Alikaa pale kama mtu anayekaa juu ya benchi, na kanga yake akaitandaza vizuri pande zote.

"Bibi," nikasema, "lile si kafi la ba—"

Kiganja chake kilikuwa kimeshafika mdomoni kwangu. Kilinuka tumbaku na vitunguu.

"Mtu akiwa majini hatajwi," alisema kwa sauti ndogo. "Kaa."

Mwiko huo niliujua. Kwetu sisi wa kandokando ya mto, mtu akiwa majini na maji yakawa mabaya, jina lake halitamkwi, wala haulizwi, wala haliliwi. Mtoto yeyote wa Michenga alijua hivyo, kama anavyojua kutopiga mluzi karibu na mzinga wa nyuki. Lakini mwiko ule ulikuwa na nusu ya pili, na hiyo nusu ya pili hakuna aliyekuwa amenifundisha.

Vijana wawili wakashuka mtoni na mtumbwi mdogo kwenda kutafuta. Waliobaki wakaanza kuja nyumbani kwetu, mmoja mmoja, kama watu wanaopita tu. Huyu amekuja kuazima shoka, hakuliazima, akakaa. Yule amekuja kumwangalia mbuzi wetu mwenye kidonda, hakumwangalia, akakaa. Hakuna aliyelitazama lile tuta chini ya mkeka wa bibi. Mama alikuwa ameshika ungo, anapeta mchele. Mchele ule ulikuwa umepetwa jana, na ulikuwa mweupe kama meno. Alipofika mwisho aliumimina kwenye beseni, akauchota tena, akaanza upya.

Na mto ulikuwa unasikika. Siku za kawaida kutoka nyumbani kwetu husikii mto. Siku ile ulivuma kwa chini, kama gari lililo mbali ambalo halifiki. Mara kwa mara kitu kilivunjika huko, gogo au ukingo, na watu wote uani walinyamaza pamoja.

Ndipo akaingia Ligombi. Alikuwa amekuja Michenga kula Pasaka kwa dada yake. Yeye na baba walikuwa watani kwa upande wa ukoo, na mtani, kama mnavyojua, ana leseni ya kukutukana mpaka kaburini.

"Hodi hapa! Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pita, kaa," bibi akajibu bila kuinuka.

Ligombi aliketi juu ya kinu kilicholala, akajipangusa tope miguuni, akatutazama wote. "Mimi sikuja kukaa sana," alisema. "Nina swali moja limeninyima raha Pasaka nzima. Tangu mpira uingie katika bonde hili, ni timu gani mbovu kuliko zote?"

Nilidhani watamfukuza. Baba yangu haonekani, kafi lake liko chini ya mkeka, na mtu huyu anatuletea habari za mpira! Lakini watu pale uani walikuwa kama waliotupiwa kamba. Kila mmoja akaishika.

"Usiseme bonde hili tu," alidakia Mzee Shomari. Huyu alikuwa mwenye duka, mtu wa Pwani, aliyehamia kwetu na mizani yake na kofia yake ya kufuma, na ndiye aliyejua dunia. "Nilipokuwa Pwani nimeona timu ya kampuni moja, wachezaji wanalipwa mshahara. Sikiliza vizuri, mshahara! Mwisho wa mwezi wanapanga foleni dirishani kama makarani. Halafu Jumapili wanafungwa saba. Jumapili nyingine, tisa."

"Wanalipwa kwa kufungwa?"

"Ndiyo kazi waliyoajiriwa."

"Basi hao si wabovu, Mzee Shomari, hao ni mafundi!" Ligombi akasema. "Mimi nimefungwa bure miaka yote, na sabuni ya kufulia bukta nanunua mwenyewe."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama Mzee Shomari, na nikaona kwamba mkono wake mmoja uko ndani ya mfuko wa kanzu, na vidole vinacheza huko ndani bila kukoma. Nikadhani anamenya njugu anazotuficha. Nikamchukia kwa hilo.

Mtu mwingine akaleta timu ya Mchombe. Alisema Mchombe walichimbia milingoti ya goli ya miti mibichi, wakaenda kulima. Waliporudi msimu mwingine milingoti ilikuwa imechipua, ina matawi na kiota cha ndege, na hawakuikata kwa sababu golikipa wao alikwisha kupapenda pale kivulini. "Alikuwa anafungwa amelala," alisema. "Mara moja mpira ulinasa juu ya majani. Refa akasema si goli, mpaka uanguke wenyewe."

Kicheko kikapanda, kikashuka. Kilipoisha, mto ukasikika. Na hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sikulielewa. Kila kimya kilipoingia uani na mvumo ule ukaja nyuma yake, mtu mmoja alifanya haraka kutupa timu nyingine katikati, kama anayetupa kuni motoni moto usizimike.

"Idete je?" Mzee Shomari aliuliza. "Ligombi, mbona hujitaji? Si ninyi mliomwona kanga anakatiza uwanjani, mkaacha mpira na kumkimbiza, timu nzima?"

"Na tulimkamata!" Ligombi akasimama. "Wenzetu walifunga goli nne tukiwa porini, sikatai. Lakini sisi jioni ile tulikula kanga. Timu iliyorudi na kitoweo haijashindwa. Sasa nyie watu wa Michenga niambieni, Kambale wao walipata kurudi na nini?"

Nilijua kwamba mazungumzo yote, ya Pwani na ya Mchombe na ya kanga, yalikuwa yanatembea kuelekea hapo, kama maji yanavyojua mahali pa bonde.

"Kambale walirudi na mbwa," mtu mmoja alisema.

"Kambale wana mpira unaonuka kuliko choo cha misheni."

"Kambale wanaomba mapumziko kabla mechi haijaanza."

"Na golikipa wao," Ligombi alisema, akitazama juu, bila kutaja jina. "Jamani, yule golikipa wao!"

Nilimgeukia bibi. Nilisubiri amkemee. Yeye ndiye aliyemzaa, nikajiambia, hatakubali. Bibi aliikunja midomo yake, akasema, "Yule? Yule tangu mdogo hajui kudaka. Nilimtuma akamate kuku wa mgeni, kuku akamkimbiza yeye. Alikuja kujificha nyuma yangu, na kuku naye yuko nyuma yake."

Nikamgeukia mama. Mama hakuwa mtu wa maneno. Mikono yake haikuacha ungo. "Mkiniuliza mimi," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kama kaukau, "mimi niliolewa naye kabla sijamwona langoni. Siku ile wanacheza na watu wa kwetu, baba yangu mdogo alikuwa mshambuliaji. Basi baba mdogo anakuja na mpira, anakuja, amebaki peke yake na goli. Na golikipa anafanya nini? Anamwona mkwewe. Anapiga goti. 'Shikamoo, baba.' Mpira unapita. Baba mdogo anajibu 'Marahaba, mwanangu,' anarudi kuchukua mwingine. Siku hiyo alisalimiwa mara tano."

Watu walianguka kwa kicheko. Mzee mmoja alikohoa mpaka wakampiga mgongoni. Hata mama midomo ilimtetemeka, na mimi nilidhani anacheka.

Ndugu zangu, mimi nimepata hasira nyingi maishani. Nimedhulumiwa kwenye mnada, nimechomewa ghala. Lakini hasira kama ya mchana ule sijaipata tena, kwa sababu ilichanganyika na hofu na sikujua ipi ni ipi. Baba yangu yuko ndani ya maji yale yanayovuma. Hakuna anayelia. Hakuna anayemwombea. Wamekaa uani kwake, wengine wamekalia kinu chake, wanamfanya takataka kama walivyonifanya mimi kwa jina. Na mke wake na mama yake wanaongoza! Nikajiona mimi peke yangu ndiye mtu wake aliyebaki duniani. Nikasimama.

"Aliokoa penalti!" nikapiga kelele. "Aliidaka! Aliruka, akaidaka kwa mikono miwili, na nyie nyote mlikuwepo! Hakuna golikipa kama yeye!"

Mngedhani nimevunja chungu cha matambiko. Ungo wa mama ulisimama hewani. Mkono wa bibi ulishika mkeka. Mzee Shomari aliinamisha kichwa, na vidole vyake mfukoni vikaenda mbio. Hakuna aliyenitazama kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Walinitazama kwa woga, kisha wote, kama shingo moja, wakageuza nyuso upande wa mtoni. Huko gogo kubwa likapasuka, na mlio wake ukaja mpaka uani, ukakaa.

Sikujua nimefanya nini. Nilijua tu kwamba ni jambo baya.

Ligombi ndiye aliyevunja kimya kile. Alicheka, kicheko kikubwa cha kulazimisha, akapiga makofi.

"Penalti? Mtoto anasema penalti! Jamani, si niliipiga mimi mwenyewe? Nani anaijua penalti ile kunishinda?" Alikuja mpaka katikati ya uani, akasimama kama golikipa, magoti yamekunjwa. "Tazameni. Mimi narudi nyuma, namwangalia. Naona hatulii. Anajikuna. Nikajiambia, huyu ana nini? Kumbe siafu! Siafu wameingia kwenye bukta! Wakati napiga, siafu mmoja akamng'ata pale pasipotajwa mbele ya akina mama, akaruka, yallaa!" Ligombi akaruka, akaanguka matopeni, akajigaragaza huku anajipiga mapaja. "Mpira ukamkuta hewani, maskini mpira. Ukamgonga. Yeye akaukumbatia kwa maumivu! Kuokoa gani huko?"

Watu wakacheka. Walicheka kwa nguvu kuliko kichekesho kilivyostahili, wakapaaza sauti, wengine wanapiga vigelegele. Ligombi akainuka na tope usoni, akaja akachuchumaa mbele yangu. Akanishika mabega.

"Au siyo, Majalala? Si walikuwa siafu?"

Uso wake ulikuwa karibu na wangu. Mdomo ulikuwa unacheka, lakini macho yalikuwa mekundu, na vidole vyake kwenye mabega yangu viliniumiza. Nilimtazama bibi. Bibi akaniitikia kwa kichwa, mara moja, taratibu. Sikuelewa chochote. Lakini nilielewa kwamba watu wote pale wananisubiri, na kwamba wanaogopa.

"Ndiyo," nikasema, machozi yananishuka. "Walikuwa siafu."

Kile nilichokuwa nimekiweka moyoni tangu kiangazi, nikakitoa mbele ya watu, nikakikanyaga mwenyewe.

"Imepita!" Ligombi akasimama. "Mtoto wake mwenyewe ameshuhudia. Kuna wa kupinga?" Hakuna aliyepinga. Basi akatoka hadi ukingoni mwa uani, upande ule ambao hapakuwa na nyumba wala mtu, matete tu na maji, akaweka viganja mdomoni na kupaaza sauti yake yote: "Hakuna timu mbovu kuliko Kambale! Hawafai! Hawafai hata kutupwa!"

Nilishangaa anamtangazia nani.

Baada ya hapo hawakubishana tena. Walikaa tu. Mama akarudia mchele wake. Jua lilitoka mara moja chini ya mawingu, likawa la manjano, likamulika matone kwenye paa la nyasi. Kisha tukasikia mbwa. Mbwa wa kijiji kizima walianza kubweka kwa pamoja na kukimbilia kwenye matete, mikia juu, na mama aliangusha ungo. Mchele wote ukamwagika. Maana mbwa wale, ndugu zangu, kuna kitu kimoja tu walichokikimbilia hivyo.

Walitoka kwenye matete wakiwa mstari mmoja, wamevaa tope kuanzia utosini, hata huwezi kujua nani ni nani. Tulihesabu kwa midomo bila sauti. Walikuwa wote. Baba alikuwa wa mwisho, ameubana mpira kwapani, na mbwa wanamruka. Mtumbwi ulikuwa umegonga gogo alfajiri na kupinduka. Walishikilia matawi ya mkuyu uliosimama majini mpaka vijana wetu walipowaona wakawavusha kwa zamu.

Hakuna aliyemkumbatia. Kwetu watu wazima hawakukumbatiana. Ligombi alimkabili baba, tope kwa tope, akauliza, "Mmefungwa ngapi?"

"Nane," baba alisema.

"Si niliwaambia?" Ligombi akatugeukia, na sasa machozi yalikuwa yanachora njia kwenye tope la mashavu yake. "Mto wenyewe umewaonja, ukawatema!"

Baba alitazama huku na huku. "Kafi langu nimelipoteza," alisema.

"Limepotea wapi, lipo hapa," bibi akajibu. Akataka kuinuka akashindwa, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Baba alimwinua kama mtoto, na chini ya mkeka ndipo lilipokuwa.

Nilikuwa mkubwa, nina ndevu, bibi aliponieleza nusu ya pili ya ule mwiko. Mtu unayeogopa kumpoteza, husemi uzuri wake. Mto unasikia. Kifo kinasikia. Nani anaiba kitu kibovu? Ndiyo maana kabla yangu walizaliwa watoto watatu wenye majina mazuri ya watakatifu, wakazikwa wote, na mimi nilipozaliwa wakanilaza kwenye rundo la takataka nyuma ya nyumba, jirani akaniokota akasema, "Nani katupa hii?" Wakaniita Majalala. Kumbe katika watoto wote wa Michenga, mimi ndiye niliyeombewa kila nilipoitwa kula. Na Mzee Shomari hakuwa anamenya njugu. Aliposimama kuondoka siku ile nilimwona akiutoa mkono mfukoni, na shanga za tasbihi zilikuwa zimemkwama vidoleni. Niliona, lakini kuona si kuelewa.

Baba alikufa mzee, kitandani kwake, juu ya godoro nililomnunulia mimi. Ligombi alikuja kwenye mazishi akitembelea fimbo. Alimtukana marehemu kama mtani anavyotakiwa, watu wakacheka kaburini. Udongo ulipokwisha kujazwa aliniita pembeni.

"Majalala," alisema. "Sasa hayuko tena majini. Sasa naweza kusema. Niliipiga pembeni kabisa, kwa nguvu zangu zote. Hapakuwa na siafu."

Basi ndiyo hivyo. Mmenisikia nikijisifia mashine, malori, nyumba, na nitaendelea, maana vitu hivyo vikiondoka nitanunua vingine. Ila mvua hii haijakatika, na nasikia mito ya barabara ya Mlimba imepanda juu ya madaraja. Kuna lori langu moja lilipaswa kufika tangu saa sita mchana. Mke wangu ameacha samaki, yuko mlangoni. Majirani wameanza kuingia, huyu anaazima shoka, yule anauliza bei ya pumba. Msiniulize nani anaendesha. Nitawaambia tu kwamba tangu gari liingie katika bonde hili hajatokea dereva mbovu kama yule. Gia hajui, breki hajui. Nimemlipia shule miaka yote na hakuna kilichoingia. Hafai. Hafai hata kutupwa.